Chatu Aliyepitiliza Msimu

Nilimkana baba yangu mjini Chato, mchana kweupe, nikiwa na chupa ya soda mkononi. Nilikuwa nimekwenda kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, na nje ya ukumbi, uwanjani, ngoma ilikuwa imekolea. Kusogea tu nikamwona: mzee mwembamba, njuga miguuni, chatu kamzunguka mabegani, anakatika kiuno kama kijana wa juzi. Sikujua kwamba kikundi chao kimealikwa huko. Mama mmoja aliyesimama karibu yangu, kitenge chake bado kinanukia duka, akasonya akasema, "Hawa wazee wa nyoka ni wachawi watupu." Mimi nikasema, "Kweli kabisa, shoga." Halafu nikarudi ndani nikala pilau.

Aliniona. Najua aliniona kwa sababu alipunguza mwendo, akainua kidevu kidogo kama anavyofanya akitaka kusalimiwa, na mimi nikageuza uso. Hajawahi kunitajia siku ile. Naanza na hiyo kwa sababu nisingekuwa mtu wa kugeuza uso, yale mengine yasingetokea, na leo baba angekuwa bado na kibali chake.

Nieleze kibali. Kwetu ni Samuye, na baba ni manju, kiongozi wa ngoma ya nyoka, kazi aliyoikuta kwa baba yake. Watu wa mbali hudhani mchezaji wa nyoka anafuga nyoka kama wengine wanavyofuga mbuzi. Hapana. Chatu wa ngoma ni wa kuazima. Mtama ukishavunwa, baba huenda kwenye jiwe kubwa lililo ndani ya ngitili yetu, yale malisho ambayo ukoo huyafunga mpaka kiangazi kikali. Hukaa pale asubuhi nzima akiongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba jembe. Anaeleza watacheza wapi, na atamrudisha lini. Ndipo anamchukua. Na mvua za kwanza zisimkute chatu nyumbani. Kabla hazijaanguka anarudishwa jiwe lile lile, na baba anasema, "Tumemleta kama tulivyomchukua." Miaka yote ninayokumbuka alikuwa jike huyo huyo mmoja, mnene kama paja langu, na mimi si mwembamba.

Serikali nayo ina utaratibu wake. Chatu ni mali ya serikali, huwezi kuwa naye hivi hivi. Basi kila mwaka baba huvaa koti lake la kijivu, huenda Shinyanga kwa watu wa wanyamapori, hupewa karatasi ya kucheza naye kwa msimu huo tu. Msimu ukiisha, mtendaji wa kijiji huenda naye mpaka kwenye jiwe, humwona chatu akiingia kwenye ufa, kisha hugonga muhuri chini ya karatasi kwamba amerudishwa. Ilikuwa bahati kwamba tarehe za serikali na desturi ya mababu zilikubaliana. Baba aliziweka karatasi zile zote kwenye kopo la biskuti, moja juu ya nyingine. Hajui kusoma hata neno, lakini ukimwambia akupe ya mwaka fulani anaichomoa bila kukosea, anaijua kwa madoa yake.

Mimi ndiye msomi wa familia. Nina steshenari Kalangalala, hapa Geita mjini. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, na zaidi ya yote nachapa barua. Wachimbaji wananijua. Wakigombania shimo wanakuja kwangu, wakitaka leseni wanakuja kwangu, na mimi nawaandikia kwa ile lugha ya ofisini yenye "rejea kichwa cha habari hapo juu" mpaka wanasikia raha wakisomewa. Wananiita Mama Kopi. Nina mdomo, sikatai. Mwanamume akiniletea ujeuri kaunta namjibu mpaka anaomba radhi na kuagiza kopi ambazo hakuzihitaji. Nilifika mahali nikaamini kwamba hakuna jambo duniani lisilonyooka likiandikiwa barua nzuri.

Lakini baba wa nyoka alikuwa ananikaa kooni. Nimeolewa na watu wa Ushirombo, Wakatoliki wa kusali rozari jioni. Hawakunisema vibaya hata siku moja, ila mama mkwe alikuwa na namna yake ya kuuliza, "Na mzee, bado yuko na yule mdudu wake?" Yule mdudu! Wanangu walipokuwa shule ya msingi waliitwa wajukuu wa chatu. Nilitamani baba astaafu, aje akae kwenye kibaraza changu asikilize redio kama wazee wengine. Nilimwambia mara nyingi. Alikuwa anacheka tu. "Mayu," ananiambia, maana nimerithi jina la mama yake kwa hiyo mimi ni mama yake, "nikikaa kwenye kibaraza chako nitakufa kwa kuangalia pikipiki."

Sasa kulikuwa na Mzungu mmoja, fundi wa mitambo, aliyefanya kazi ya mkataba huku kwenye machimbo. Alikuwa mteja wangu wa kopi. Kiswahili chake alikiokota kwa madereva, kwa hiyo kilikuwa na matusi mawili matatu ambayo hakujua kuwa ni matusi. Alipomaliza mkataba akarudi kwao, tukabaki tunatumiana ujumbe kwenye simu. Siku moja akanitumia picha za chumba chake. Jamani! Chumba kizima masanduku ya vioo, taa ndani, na kila sanduku lina chatu. Wa nchi hii, wa nchi ile, kila mmoja ana karatasi yake imebandikwa kwenye kioo. Akasema huko kwao ni jambo la kawaida, watu wana vyama vyao, wanaonyeshana. Akasema hana wa Usukumani, na anasikitika.

Nilipokwenda Samuye nikamwonyesha baba zile picha. Aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na macho.

"Hawa wanacheza ngoma gani?" akauliza.

"Hawachezi, baba. Wanakaa tu."

"Wanarudishwa lini?"

"Harudishwi mtu. Ndiyo wamefika hapo."

Akaitazama tena. "Hata mvua zikinyesha?"

Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Nikamsimulia kila mtu Kalangalala, nikiigiza na sauti yake. Leo nikiikumbuka ile sauti niliyoiigiza natamani ardhi ipasuke.

Katika kucheka huko ndipo wazo likanijia. Chatu wetu aende Ulaya. Baba atabaki hana wa kucheza naye, atastaafu bila kugombana na mtu, na mimi, badala ya kuwa binti wa mzee wa nyoka, nitakuwa mwanamke ambaye nyoka wa kwao yuko ng'ambo kwenye nyumba ya vioo. Nilishajiona namwambia mama mkwe. Hata wanangu niliwatania kwamba chatu atapata viza kabla yao.

Nimtendee haki yule fundi: alikataa. Alinitumia ujumbe wa sauti, nimeusikiliza mara nyingi baadaye. "Mama Kopi, hapana. Chatu ya pori, hapana. Kwenu wamefunga kupeleka mnyama hai nje. Kwetu hawapokei kama hana karatasi ya kuzaliwa kwa kufugwa. Sheria kali. Acha." Mtu mzima angeishia hapo. Mimi nikamjibu, "Niachie mimi." Hakuniomba tena. Mimi ndiye niliyetaka kuonyesha ubingwa.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Baba alishaanza kujiandaa kumrudisha chatu, keshaongea na mtendaji. Nikasafiri kwenda Samuye kumwomba amsubirishe kidogo.

"Mvua ziko karibu, mayu."

"Wiki chache tu, baba. Kuna barua nashughulikia ofisini."

"Barua ya nini?"

Hapa nilidanganya. Nikamwambia ni barua ya kumwongezea muda kwenye kibali chake, ili wapate nafasi ya kualikwa sehemu nyingi zaidi. Aliniangalia. Mvua kumkuta chatu nyumbani lilikuwa jambo ambalo baba yake hakufanya, wala babu yake. Lakini aliyemwomba nilikuwa mimi, msomi, mayu wake, na pengine alifikiri kwamba hatimaye nimeanza kuipenda ngoma yake. Nilimwona anavyofurahi. Akasema, "Kama wewe unasema ofisi zimekubali, basi."

Barua nilikuwa nimeshaichapa Kalangalala, ukurasa mmoja na nusu, karatasi nzito. Ilisema kwamba yeye, mzee fulani wa Samuye, ni mfugaji wa chatu wa siku nyingi. Ilisema kwamba chatu jike aliye naye ametotolewa nyumbani kwake na hajawahi kuishi porini. Ilisema kwamba anaomba ofisi ithibitishe hivyo ili apelekwe nje ya nchi. Nilifungua pedi ya wino, nikamshika kidole gumba mwenyewe, nikakigandamiza mahali pake. Alipangusa wino kwenye nywele zake za mvi, akasema, "Wabeja, mayu." Yaani alinishukuru.

Barua nikaipeleka Shinyanga kwa mkono wangu.

Mvua zikaja. Chatu hakupenda. Baba alinipigia simu akaniambia hataki kula, kuku anampita mbele ya pua haangaiki naye, anajikunja kwenye kona ya kibanda upande unaotazama jiwe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, majibu yako njiani. Nilikwenda Samuye tena, mara hii kumpiga chatu picha za kumtumia fundi, nimpe moyo. Nikiwa uani, simu mkononi, gari likaingia.

Akashuka ofisa wa wanyamapori, dada wa umri wa mdogo wangu, na wenzake wawili. Nyuma yao mtendaji wa kijiji, amejiinamia. Walimwamkia baba kwa adabu, shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni. Akawatafutia viti. Ofisa akakaa, akatoa faili, na ndani ya faili niliiona ile karatasi yangu nzito.

"Mzee," akasema, "kibali chako kilikwisha kabla ya mvua. Kila mwaka unarudisha, karatasi zako safi kuliko za watu wote. Mwaka huu tumepokea hii." Akaisoma. Akaisoma yote, kwa sauti, polepole, kama ninavyowasomea wachimbaji. Hivyo ndivyo baba alivyokuja kujua kilichoandikwa juu ya dole lake.

Aliposikia kwamba chatu ametotolewa nyumbani kwake, akageuza kichwa akaniangalia. Aliposikia habari ya kupelekwa nje ya nchi, akaacha kuniangalia.

"Unaelewa ulichokiri hapa, mzee? Kufuga na kuzalisha nyara ya serikali bila leseni. Kutaka kuisafirisha. Haya ni makosa ya mahakamani." Kisha akauliza lile swali. "Nani alikuandikia?"

Mtendaji alijua. Samuye yote inajua nani anaandika barua katika familia yetu. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye kiti chake. Mimi ninayewafokea wanaume wenye sururu mkononi, nikawa nachezea kifuniko cha simu. Nilijiambia nitasema, ngoja kwanza nimeze mate. Nikameza. Nikameza tena.

"Niliandika mwenyewe," baba akasema.

Ofisa akaigeuza karatasi amwonyeshe. "Mzee, hapa umeweka dole gumba."

"Nilikuwa nimechoka kuandika, nikaweka dole."

Mmoja wa wale wenzake akacheka, akajifanya anakohoa. Ofisa hakucheka. Aliniangalia mimi, muda mrefu, akinipa nafasi, naapa alikuwa ananipa nafasi. Ningesema neno moja tu. Nikatazama kuku.

Akafunga faili. Akasema kwa sababu ya umri wake na rekodi yake hatampeleka mahakamani, lakini kibali kimefutwa, na asionekane tena na nyoka wa aina yoyote. Chatu watamchukua, watamwachia kwenye pori la hifadhi, mbali.

"Jiwe lake liko hapa hapa," baba akasema. "Naomba nimpeleke sasa hivi, mtendaji yupo, agonge muhuri."

"Barua inasema hajawahi kuishi porini, mzee. Karatasi zako za zamani zinasema alitoka kwenye jiwe. Mambo mawili hayaendi pamoja. Mimi naandika kilichoandikwa."

Baba angeweza kusema hapo. Angesema barua ni ya uongo, angeulizwa uongo wa nani. Akaenda kibandani. Aliwasaidia kumweka chatu kwenye sanduku, maana wale vijana walimshika vibaya. Akainama akaongea naye kwa Kisukuma, maneno machache. Nilitegemea ni yale ya siku zote, lakini hakusema kwamba tumemleta kama tulivyomchukua. Alisema, "Utatusamehe." Akamwuliza ofisa, "Huko kuna mawe?" Dada yule akajibu kwa upole kwamba mawe yapo.

Gari lilipoondoka nilipiga magoti. Nilitaka kusema mengi, yakatoka machozi tu, na machozi ni rahisi. Baba akanishika bega. "Inuka, mayu, watu wanapita. Wewe ofisi zinakujua. Jina lako likiandikwa kwenye yale mafaili yao, nani atakuletea tena barua?" Akaenda kufagia kibanda cha chatu. Mimi nikapanda gari la Geita siku hiyo hiyo, na kesho yake nikafungua duka.

Fundi nilimwambia kwamba imeshindikana. Akajibu, "Pole, nilisema." Baada ya muda akanitumia picha ya chatu mpya, mdogo, ametotolewa huko huko kwenye sanduku la mtu, karatasi zake zimetimia. Mgongoni ana madoa yale yale ya wa kwetu. Sikumwonyesha baba.

Misimu miwili ikapita. Kikundi kikapata manju mwingine, wanacheza na majembe na majagi, bila nyoka. Baba haendi kutazama. Mtama ukivunwa anakwenda peke yake kwenye jiwe, mikono mitupu, anakaa kidogo, anarudi. Mtendaji ndiye aliyeniambia.

Kisha asubuhi moja nikamwona kaunta, na lile koti la kijivu, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Amepanda basi kutoka Shinyanga bila kunipigia simu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake, akakataa kupita mbele ya watu. Ilipofika zamu yake akasema, "Nimekuja kuandikiwa barua."

"Barua gani, baba?"

"Ya kuomba kibali. Miguu bado ninayo, lakini si kwa miaka mingi. Mtendaji amesema huenda nikiomba msamaha wakanifikiria. Andika kwamba kosa lilikuwa langu."

Nikamwambia, "Baba, tuandike ukweli."

Akaangalia kushoto na kulia, kwa sababu kulikuwa na wateja wawili. Akasema taratibu, "Andika nilivyosema. Ada ya shule ya wajukuu inalipwa na duka hili."

Na mimi nikachapa. Nikachapa kwamba mimi, mzee fulani wa Samuye, niliidanganya ofisi kwa makusudi, kwamba niliandika uongo kwa tamaa yangu mwenyewe, kwamba najuta. Nilirekebisha hata nafasi kati ya mistari. Nikamsomea, akasema ni nzuri. Nikafungua pedi ya wino, nikamwonyesha pa kuweka dole. Alitaka kulipa kama wateja wengine.

Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la duka. Yamekataa. Mistari minne tu: kwa kuwa mwombaji amekiri kwa maandishi yake mwenyewe kwamba alidanganya kwa makusudi, ofisi haiwezi kumkabidhi tena kiumbe huyo, sasa wala baadaye. Barua yangu ya pili imefanya ambacho hata yule dada hakukifanya: imemfungia baba mlango moja kwa moja. Niliikunja nikaiweka kwenye droo chini ya karatasi za rangi, na iko humo mpaka leo. Baba sijamwambia.

Juzi amepiga simu. Nilikuwa na mteja, nikapokea kwa bega huku natoa kopi. Tukasalimiana. Akasema mtama umeshavunwa, njuga amezipaka mafuta, ngozi zake zilikuwa zimekauka.

"Majibu yamekuja, mayu?"

"Bado, baba."

Nikasikia kuku wake. "Basi tuandike nyingine," akasema. "Labda kwenye ile ya msamaha kosa langu hatukulieleza vizuri. Wewe ndiye unayejua maneno. Lieleze vizuri zaidi."

Nikamwambia sawa, baba. Mteja akachukua kopi zake, akaniangalia usoni, akaniuliza kama nina mafua.